Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyeugua Mbele ya Wanafunzi Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wanachuo, katika ukurasa huu wa wasifu tumezoea kuwataja wanazuoni kwa vitabu vyao na kwa wingi wa wanafunzi wao. Toleo hili nimepewa Imamu Abu Hamid Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mtu angeweza kujaza jarida zima kwa orodha ya vitabu vyake tu. Mimi nimeamua kukaa zaidi kwenye miezi michache ya mwaka 488 Hijria, sawa na 1095 Miladia, pale mwili wake ulipokataa kazi. Ulimi haukutamka, koo halikumeza, na matabibu wakakata tamaa. Habari hiyo aliiandika yeye mwenyewe miaka mingi baadaye katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dhalal, na hakuificha.

Nina sababu ya kuichagua. Kila mitihani inapokaribia huwa nasikia ndugu na dada zetu wakieleza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtu amekaa maktaba, hana homa wala hajapokea habari mbaya, mara moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakuwa fupi, na anaamini kabisa kwamba anakufa pale pale. Anapelekwa zahanati, anapimwa, anaambiwa moyo wake ni mzima. Akirudi hosteli anapewa moja ya majibu mawili: ana jini, au imani yake ni dhaifu. La kwanza linamtisha na la pili linamwaibisha. Baada ya hapo wengi huanza kukwepa maktaba, kisha kukwepa safu za mbele msikitini kwa kuogopa kushikwa katikati ya swala, na mwisho hukwepa hata darasa.

Ndiyo maana nataka tumsome Ghazali kama mtu mwenye mwili, kisha tuone elimu ya leo inasema nini kuhusu moyo unaodunda na ubongo unaousikiliza.

Yatima wa Tus

Alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, upande wa kaskazini mashariki mwa Iran ya leo. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba baba yake alikuwa fukara aliyesokota sufi na kuiuza, na aliyependa sana kukaa kwenye vikao vya wanazuoni. Alipohisi mauti yanakaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad, ambaye ndiye Imamu wetu, na mdogo wake Ahmad, kwa rafiki yake mmoja msufi, pamoja na akiba ndogo ya fedha. Akiba ile ikaisha. Rafiki yule naye hakuwa na kitu, basi akawashauri vijana wajiunge na madrasa, kwa sababu huko mwanafunzi alipata posho ya kula. Wale wetu wanaosoma kwa mkopo au kwa ufadhili wataelewa hali hiyo bila kuelezwa.

Kuna kisa maarufu cha ujana wake. Alipokuwa akirudi nyumbani kutoka masomoni Jurjan, majambazi waliuvamia msafara na kuchukua kila kitu, pamoja na madaftari yake. Akawafuata na kumsihi mkuu wao amrudishie yale maandishi tu, kwa kuwa ndiyo elimu yake yote. Jambazi akamcheka: elimu gani hiyo inayoondoka mkoba ukiibiwa? Alirudishiwa madaftari, lakini aliyachukua maneno yale kuwa ni funzo kutoka kwa Mola wake, na inasimuliwa kwamba alitumia miaka 3 kuyahifadhi yote kichwani.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul Haramayn Juwayni, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa madhehebu ya Shafii katika zama zile. Alikaa naye mpaka Juwayni alipofariki mwaka 478 Hijria (1085). Hapo alihamia kwenye kambi ya Nizamul Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, ambako wanazuoni walikuwa wakishindana kwa hoja mbele ya wakubwa. Ghazali alishinda mijadala mingi, na mwaka 484 Hijria (1091) waziri akamteua kuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad. Alikuwa na umri wa kama miaka 33.

Kilele cha Baghdad

Hakukuwa na cheo cha ualimu kikubwa kuliko kile. Yeye mwenyewe anataja kwamba alikuwa akifundisha wanafunzi 300. Watawala walimtafuta kwa ushauri na khalifa alimwagiza vitabu. Mchana alifundisha na kuandika elimu za sheria, na katika saa zilizobaki alisoma falsafa peke yake bila mwalimu, kwa muda usiofika miaka 2, mpaka akaielewa kuliko wengi wa wenyewe. Ndipo alipoandika Maqasid al-Falasifa, kisha Tahafut al-Falasifa, ambacho alikimaliza mwanzoni mwa mwaka 1095.

Wakati huohuo dunia iliyomzunguka ilikuwa ikitikisika. Mwaka 485 Hijria (1092) Nizamul Mulk, aliyempa cheo, aliuawa kwa kuchomwa kisu na mtu aliyejifanya msufi. Haukupita muda mrefu sultani Malikshah naye akafariki, na jamaa zake wakaanza kupigana kugombea kiti. Mauaji ya waziri yalihusishwa na kundi la Batiniyya, na Ghazali ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuandika kitabu cha kuwapinga. Hakutaja hofu ya kuuawa kuwa sababu ya maradhi yake, nami sitaki kumsemea. Lakini mtu akipanga tarehe hizi mstari mmoja ataona kwamba mwalimu huyu alibeba mzigo mkubwa katika miaka 4 tu.

Gogo la mtende

Ndani ya Tahafut kuna mfano ambao kila nikiufikiria hunifanya nisite, kwa sababu ya wakati ulioandikwa. Anaeleza, akinukuu maoni ya wanafalsafa kuhusu namna nafsi inavyouathiri mwili, habari ya mtu anayetembea juu ya gogo. Gogo likiwa limelala chini, atalipita bila shida. Gogo lilelile likiwekwa juu hewani, ncha moja ukuta huu na ncha nyingine ukuta ule, picha ya kuanguka humjaa mawazoni, mwili hulifuata wazo, naye huanguka kweli.

Gogo halikubadilika upana na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni maana ambayo nafsi imekipa kile inachokiona, na mwili ukaitii maana hiyo. Ghazali aliyaandika hayo akiwa mzima, kama mtu anayechambua hoja za wengine. Kitabu kilikamilika Januari 1095. Mwezi wa Rajab mwaka uleule wa 488 Hijria, ambao ulikuwa Julai, mwili wake mwenyewe ukaanza kumtii kitu ambacho ulimi wake haukuweza kukisema.

Ugonjwa

Anasimulia kwamba alianza kuitazama hali yake na kuona amezama katika mafungamano ya dunia. Aliitazama kazi yake iliyo bora kuliko zote, yaani kufundisha, akakuta nia yake haikuwa safi, kwani kilichomsukuma kilikuwa cheo na kutafuta sifa. Akaona yuko ukingoni mwa shimo. Asubuhi aliazimia kuacha kila kitu na kuondoka Baghdad, jioni shahawa za nafsi zikamrudisha. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Hali hiyo ilidumu karibu miezi 6.

Kisha jambo likatoka mikononi mwake. Ulimi ulifungwa. Alijilazimisha kufundisha hata siku moja, ili kuifurahisha mioyo ya wanafunzi waliokuwa wakimjia, na neno halikutoka. Jaribu kuiona picha hiyo: mtu aliyewashinda wajuzi wa Khurasan kwa hoja, amekaa mbele ya wanafunzi wanaomngoja, na hana hata neno moja. Huzuni ya kufungwa ulimi ikaingia moyoni, na kutoka moyoni ikashuka tumboni. Hakuweza kumeza mchuzi wala kusaga tonge. Nguvu zikamwishia.

Matabibu waliitwa. Uamuzi wao ni wa kustaajabisha kwa watu wa karne ya 11. Walisema kwamba jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko likaenea kwenye mwili, na kwamba hakuna dawa mpaka ile hamu iliyoisonga nafsi ipatiwe nafuu. Hawakumwambia kwamba anajifanya. Hawakumwambia pia kwamba, kwa kuwa chanzo si tumbo, basi tumbo haliumwi. Walikubali mambo mawili kwa pamoja: mwili unaumwa kweli, na chanzo chake ni cha ndani.

Hapa niseme wazi. Sidai kwamba Imamu Ghazali alikuwa na ule ugonjwa ambao matabibu wa leo huuita ugonjwa wa hofu ya ghafla. Dalili alizozitaja ni nyingine, zilidumu kwa miezi, na hakuna anayeweza kumpima mtu kwa umbali wa miaka zaidi ya 900. Ninachokitaka ni kile walichokiona wale matabibu, yaani njia inayounganisha moyo, maana tunazozibeba na mwili. Njia hiyo leo inapigwa picha.

Elimu ya leo inasema nini

Ubongo una kazi mbili za kusikiliza. Unasikiliza nje kwa macho na masikio, na unasikiliza ndani: mapigo ya moyo, pumzi, tumbo, joto la mwili. Habari nyingi za ndani hufikishwa kwenye sehemu ya ubongo iitwayo insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza, Hugo Critchley na wenzake, waliwataka watu waseme kama mlio wanaousikia unakwenda sawa na mapigo ya mioyo yao, huku ubongo ukipigwa picha. Walioweza zaidi walionyesha shughuli kubwa zaidi katika sehemu ya mbele ya insula ya upande wa kulia. Kwa hiyo watu hutofautiana katika kuusikia mwili wao, na tofauti hiyo ina mahali pake kichwani.

Kuusikia mwili peke yake si maradhi. Shida huanza kwenye tafsiri. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Clark wa Uingereza alieleza mzunguko ambao mpaka leo ni msingi wa matibabu. Mtu anahisi kitu kidogo, kwa mfano moyo kuruka pigo moja baada ya kahawa au ngazi. Anakitafsiri kuwa ni dalili ya kufa, kuzimia au kurukwa na akili. Tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inauharakisha moyo na pumzi, na moyo ulioharakishwa unakuwa ushahidi mpya kwamba kweli anakufa. Mzunguko unajilisha wenyewe, na kwa kawaida hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache tu.

Mwaka 1988 Anke Ehlers na wenzake walilijaribu jambo hili kwa njia rahisi. Waliwasikilizisha watu mlio waliouamini kuwa ni mapigo ya mioyo yao, kisha wakaufanya mlio uende mbio kwa uongo. Watu wasio na ugonjwa hawakubadilika sana. Wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla walishikwa na wasiwasi, na mioyo yao halisi ikaanza kwenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Habari ilikuwa ya uongo, lakini mwili uliifuata. Ndugu zangu, hilo ni gogo la mtende limerudi, safari hii katika maabara.

Kuna jaribio jingine ambalo linafaa liwanyamazishe wanaosema kwamba mwenye hofu hii ni mwoga. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo hushughulikia hatari zinazotoka nje kama nyoka au mtu mwenye silaha. Wapo watu wachache sana ambao amigdala zao zote mbili zimeharibiwa na maradhi nadra, na mmoja wao amejulikana kwa wanasayansi kwa kutoogopa nyoka, buibui wala vitisho. Mwaka 2013 Justin Feinstein na wenzake waliwapa watu 3 wa aina hiyo pumzi moja ya hewa yenye asilimia 35 ya hewa ya ukaa, ambayo huufanya mwili uhisi unakosa pumzi. Wote 3 walishikwa na hofu kali ya ghafla. Mtu asiyeogopa nyoka aliogopa pumzi yake mwenyewe. Inaonekana basi kwamba hofu inayotoka ndani ya mwili ina mlango mwingine usiopitia amigdala, na ushujaa wa mtu mbele ya hatari za nje hauufungi mlango huo.

Hofu haikumtoa mtu katika imani

Tukirudi kwenye dini yetu, tusisahau nani walishikwa na hofu mwilini. Qur'ani inatueleza kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, alihisi hofu nafsini mwake mbele ya wachawi wa Firauni, naye ni Mtume mwenye ahadi ya Mola wake. Kabla ya hapo aliomba apanuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi. Mtume wetu Muhammad, rehma na amani zimshukie, baada ya wahyi wa kwanza alirudi kwa Bibi Khadija moyo wake ukitetemeka na akaomba afunikwe. Bibi Khadija hakumkemea. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka, akamkumbusha mema yake, kisha akampeleka kwa mtu mjuzi, Waraqa bin Nawfal. Kwangu mimi huo ni utaratibu kamili wa kumhudumia mwenye hofu, na unafanyika hata kwenye chumba cha hosteli.

Safari ya miaka 11

Ghazali alipoona hana tena uwezo, alimkimbilia Mwenyezi Mungu kama anavyomkimbilia mtu aliyebanwa asiye na hila, na anasema akarahisishiwa kuacha cheo, mali, watoto na marafiki. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni alikusudia Sham, kwa kuogopa khalifa na wenzake wasije wakamzuia. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, na mdogo wake Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Aliondoka Baghdad mwezi wa Dhulqaada 488 Hijria, Novemba 1095.

Akakaa Damascus karibu miaka 2. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia huko mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Maqdis, ambako alijifungia katika Kuba la Mwamba, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim mjini Khalil, na akahiji. Pale Khalil aliweka nadhiri 3: asipokee tena mali ya mtawala, asiende kwenye milango ya watawala, na asiingie tena katika mabishano ya kushindana. Zitazame nadhiri hizo kwa makini. Kila moja inagusa jambo lililokuwa likimbana Baghdad. Wale matabibu walisema dawa ni kuipa nafuu ile hamu ya ndani, naye alikwenda kuikata mizizi yake.

Hakubaki mtoro wa dunia maisha yake yote. Watoto wake walimwita na akarudi nyumbani Tus. Mwaka 499 Hijria (1106), baada ya miaka 11, akakubali kufundisha tena, safari hii Nizamiyya ya Nishapur, kwa ombi la Fakhrul Mulk, mtoto wa yule waziri aliyeuawa. Ulimi uliofungwa ulikuwa umefunguka zamani.

Alichokiandika kuhusu hofu

Katika miaka ile ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, kitabu chenye robo 4 na kila robo vitabu 10. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunamdai deni kubwa: fiqhi ya Shafii tunayoisoma ilipita mikononi mwake, na masharifu wa Hadhramaut walioeneza elimu pwani yetu waliipenda sana Ihya.

Robo ya mwisho ina kitabu cha hofu na matarajio. Hapo anaieleza hofu kuwa ni maumivu na kuungua kwa moyo kwa sababu ya kutarajia jambo baya litakalokuja. Anasema imejengwa na vitu 3: elimu, hali na amali. Kwanza mtu anajua au anadhani kitu, kisha moyo unaungua, kisha viungo vinatenda. Anatoa mfano wa mtoto mdogo ambaye nyoka akiingia nyumbani anaweza kunyoosha mkono amchezee. Akimwona baba yake anatetemeka na kukimbia, naye hushikwa na hofu na kukimbia. Mtoto amejifunza maana ya nyoka kutoka kwenye mwili wa baba yake. Linganisha na mzunguko wa Clark, utaona wote wawili wameweka maana mwanzoni mwa mnyororo.

La muhimu zaidi kwetu ni mpaka alioweka. Hofu ya Mwenyezi Mungu kwake ni fimbo ya kumsukuma mja kwenye elimu na amali, na fimbo ina kipimo chake. Hofu ikizidi mpaka ikamkatisha mtu tamaa, ikamwangusha katika maradhi au ikamwondolea akili, hiyo anaihesabu kuwa ni mbaya, kwa sababu imeharibu kile ilichokuja kukitengeneza. Basi yule anayemwongezea hofu ndugu aliyekwisha kuelemewa hamrekebishi, na hilo limesemwa na mtu aliyeandika juu ya hofu kuliko wengi.

Sisi tufanye nini

Sitoi darsa la utabibu, kwani mimi ni mwanafunzi wa elimu ya dini. Nasema machache tu.

Mtu akishikwa na maumivu ya kifua au pumzi kukata kwa mara ya kwanza, aende hospitali apimwe, kwa sababu zipo sababu nyingine za dalili hizo. Akiambiwa moyo ni mzima na hali ikaendelea kujirudia, asiishie hapo. Ugonjwa wa hofu ya ghafla unatibika. Kuna mazungumzo ya tiba yanayomfundisha mgonjwa kuibadilisha tafsiri ya dalili zake, na humo hufanyishwa mazoezi ya makusudi, kwa mfano kupanda ngazi haraka au kuzunguka kitini, ili aukute moyo ukidunda na kizunguzungu kikija, aone kwamba hafi. Kuna pia dawa ambazo daktari huziandika. Kisomo ni haki na ni rehema, na aliye kwenye kisomo hajakatazwa kwenda kwa daktari. Mtume wetu alituhimiza kutafuta dawa.

Kwa wenzetu wanaosoma udaktari na saikolojia: Ghazali katika kitabu cha elimu, mwanzoni mwa Ihya, aliihesabu tiba kuwa ni faradhi ya kutosheleza, na akalalamika kwamba katika miji mingi ya zama zake Waislamu walikimbilia mabishano ya fiqhi yenye cheo na kuiacha tiba bila watu. Kusoma maradhi ya nafsi katika nchi zetu ambako wataalamu ni wachache ni kuubeba mzigo wa umma.

Na kwa jumuiya yetu: anayekosa darsa la Ijumaa wiki 3 mfululizo asianze kuhukumiwa kwenye vikundi vya simu. Aendewe chumbani na mtu mmoja anayemwamini, aulizwe hali, asikilizwe, asindikizwe kwa mshauri nasaha wa chuo akikubali. Siri yake iwekwe.

Mwisho wake

Imamu Ghazali hakuishi sana baada ya Nishapur. Alirudi Tus, akawa na madrasa yake na makazi ya masufi karibu na nyumba yake, akizigawa saa zake kati ya Qur'ani, wanafunzi na ibada. Jumatatu ya tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 Hijria, sawa na 18 Desemba 1111, kama alivyosimulia mdogo wake Ahmad, alitawadha na kuswali alfajiri, akaomba aletewe sanda. Akaipokea, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akaeleza kwamba yuko tayari kuingia kwa Mfalme, akanyoosha miguu kuelekea qibla. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshafariki.

Mwaka 1095 mwili wake ulimzuia kusema. Miaka 16 baadaye alikutana na kile ambacho kila mwenye hofu ya ghafla hukiogopa, akiwa ametulia. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna mtu aliyekiri kwamba anaumwa, aliyewaacha matabibu wamwangalie, aliyebadilisha maisha yake, na aliyeandika habari yake ili wengine waisome.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu wetu, awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na aifanye mioyo yetu itulie kwa kumkumbuka Yeye. Amin. Wabillahi tawfiq.